Kuotesha Mbegu za Chinsaga na Managu katika Baridi ya Keroka

Chinsaga, mboga ya majani ambayo watu wa pwani huiita mgagani au mwangani, Wajaluo huiita dek, na wataalamu wa mimea huiita Gynandropsis gynandra, ni miongoni mwa mboga zinazoheshimiwa zaidi katika chakula cha Wagusii, ilhali pia ni miongoni mwa zile ambazo mbegu zake humkatisha tamaa upesi anayezisia kwa mara ya kwanza. Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Keroka, uliokaa juu ya mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira kando ya barabara iendayo Sotik, si ajabu kukuta tuta lililolimwa vizuri, likatiwa samadi na kunyeshewa mvua ya kutosha, lakini baada ya majuma mawili likawa limetoa miche michache iliyotawanyika ovyo katikati ya magugu. Lawama hupelekwa kwa duka lililouza mbegu, kwa udongo, au kwa mkono wa aliyepanda. Makala haya yanashikilia kwamba mara nyingi mbegu hiyo haikufa wala haikuwa mbovu. Ilinyimwa mambo matatu ambayo maumbile yake huyadai, yaani umri, joto na giza, na yote matatu yanaweza kupatikana katika nyumba yoyote ya Gusii kwa gharama ndogo.

Ili ushauri unaofuata ueleweke, inafaa kwanza kutazama yanayotokea ndani ya mbegu. Kila mbegu nzima hubeba kiinitete, yaani mmea mchanga kabisa wenye mzizi na majani ya awali, pamoja na akiba ya chakula, na vyote viwili hufunikwa na ganda. Mbegu inapowekwa mahali penye unyevu hunyonya maji na kuvimba. Maji hayo huviamsha vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazochochea kazi za kikemikali, navyo huanza kuvunja akiba ya chakula ili kiinitete kipate nguvu. Kazi hiyo huhitaji hewa ya oksijeni, ndiyo maana mbegu iliyozama katika maji kwa muda mrefu hukosa pumzi na kuoza. Mwishowe mzizi mchanga hupasua ganda na kutokeza nje, na hapo ndipo wataalamu husema mbegu imeota, hata kama juu ya udongo hakuna kinachoonekana bado.

Mahindi na maharagwe, ambayo binadamu ameyachagua na kuyapanda tena na tena kwa maelfu ya miaka, yameondokewa na tabia ya kusitasita, na yakipata maji huota. Chinsaga haijafika huko. Ni mmea ambao hadi leo huota wenyewe kando ya maboma, kwenye mashimo ya taka na katika mashamba yaliyoachwa, na mbegu zake bado zina ubwete, yaani hali ambayo mbegu iliyo hai hukataa kuota hata inapopewa maji, kwa sababu kitu fulani ndani yake au katika mazingira yake hakijatimia. Kwa mmea wa porini tabia hii ni kinga kubwa, kwa kuwa mbegu zote zikiota siku moja na jua likafuata, kizazi kizima hupotea. Kwa mama mwenye robo ekari, anayetaka mboga yote ivunwe kwa wakati mmoja ili aipeleke sokoni, kinga hiyo hugeuka kuwa hasara.

Jambo la kwanza, basi, ni umri. Mbegu ya chinsaga iliyotoka shambani juma lililopita huota kwa kiwango cha chini sana, na kiwango hicho hupanda kadiri inavyohifadhiwa ikiwa kavu, kwa miezi mitatu hadi sita na wakati mwingine zaidi. Mabadiliko hayo, ambayo wataalamu huyaita ukomavu wa baada ya mavuno, hutokea polepole ndani ya mbegu kavu bila mtu kufanya lolote. Kosa linaloonekana mara nyingi katika nyanda za Gusii ni la kuvuna mbegu mwezi wa Julai au Agosti na kuzisia Septemba mvua za vuli zinapoanza, halafu kuzitupa zilizosalia kwa kuamini kwamba hazifai. Mbegu hizo hizo, zikiachwa hadi mwisho wa Februari, huweza kujaza tuta. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kuwa na makopo mawili, moja la mbegu za msimu uliopita ambazo bado zinapumzika na jingine la mbegu za msimu uliotangulia huo ambazo ziko tayari, na kila kopo kuandikwa mwezi na mwaka wa mavuno.

Jambo la pili ni joto, na hapa ndipo Keroka hutofautiana na mahali pengi ambako chinsaga hustawi bila shida. Chinsaga ni mmea wa nchi za joto, na kama mahindi na mtama, uko katika kundi ambalo wanabotania huliita C4, yaani mimea yenye namna ya pekee ya kukamata hewa ya kaboni inayoipa nguvu kubwa panapokuwa na jua kali na joto. J. A. Chweya na N. A. Mnzava, katika kitabu chao cha mwaka 1997 kuhusu mmea huu, waliueleza kuwa ni mmea usiopenda baridi. Utafiti wa Julius Ochuodho na Albert Modi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mbegu zake huota vizuri zaidi katika nyuzi 30 za selsiasi, au katika joto linalopishana kati ya nyuzi 20 na 30. Keroka iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo usiku wa Julai mtu hujifunika blanketi mbili, na udongo wa tuta lililo wazi hukaa siku nyingi ukiwa chini kabisa ya kiwango hicho. Mbegu iliyosiwa katika udongo huo hunyonya maji, huvimba, kisha husubiri. Na wakati inasubiri, kuvu na wadudu wa udongo hawasubiri.

Jambo la tatu huwashangaza wengi, kwa kuwa watu wamezoea kufikiri kwamba kila mmea hutafuta mwanga tangu mwanzo. Utafiti huo huo wa 2005 ulibaini kwamba mwanga huizuia mbegu ya chinsaga kuota, na kwamba gizani huota kwa wingi zaidi. Maana yake kwa mkulima ni nzito. Desturi ya kutupa mbegu juu ya udongo na kuiacha ifunikwe na matone ya mvua, ambayo imerithiwa kutoka enzi ambazo chinsaga iliota yenyewe kila mahali na hakuna aliyehesabu hasara, huiacha sehemu kubwa ya mbegu ikiwa wazi mbele ya jua. Baadhi hubahatika kuangukia nyufa na kupata giza, nazo ndizo zile zinazoota kwa vikundi vikundi huku sehemu nyingine ya tuta ikibaki tupu.

Haya yakishafahamika, kazi huanza na mavuno. Mashina yanayotengwa kwa ajili ya mbegu hayachumwi majani sana, wala hayakatwi maua kama yanavyokatwa yale ya mboga. Chinsaga huzaa vitumba virefu na vyembamba mfano wa vijiganda vya maharagwe yaliyodhoofika, na vitumba hivyo hugeuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha hudhurungi, halafu hupasuka vyenyewe na kumwaga mbegu chini. Wakati wa kuvuna ni pale vinapokuwa vya manjano na mbegu ndani yake zimekwisha kuwa nyeusi, yaani kabla ya kupasuka. Vikivunwa vikiwa kijani mbegu huwa changa na dhaifu, na vikicheleweshwa ndege na upepo huwa wamekwisha kuchukua fungu lao. Kwa kuwa vitumba vya chini hukomaa kabla ya vile vya juu, inampasa mvunaji apite shambani mara kadhaa. Vitumba huanikwa juu ya kitambaa au karatasi mahali penye kivuli na hewa kwa siku kadhaa, hupigwa taratibu kwa fimbo au kusuguliwa kwa viganja, kisha hupepetwa. Kuvianika juu ya bati wakati wa jua kali si salama, kwa sababu bati huweza kuunguza mbegu ambayo bado ina maji ndani yake.

Adui mkubwa wa mbegu iliyohifadhiwa Keroka ni unyevu. Katika nyanda hizi mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, na mbegu iliyokaushwa vizuri mwezi wa Januari huvuta maji kutoka hewani ifikapo Aprili ikiwa imewekwa katika mfuko wa karatasi au kufungwa kwenye kipande cha nguo. Chupa ya glasi au kopo lenye mfuniko unaobana hufaa zaidi, na ndani yake huwekwa kifungu kidogo cha majivu makavu au mkaa uliopondwa, uliofungwa katika kitambaa, ili unyonye unyevu uliobaki. Akina mama wa zamani walizoea kuhifadhi mbegu ndani ya majivu, au kuzitundika juu ya meko, na desturi hizo zina msingi wa kweli: majivu hukausha, na moshi huwafukuza wadudu. Lililobadilika ni nyumba. Jiko la gesi na dari ya mbao havitoi moshi wala ukavu ule, na ndiyo maana chupa inayobana imekuwa ya lazima mahali ambapo zamani kibuyu kilitosha.

Kabla ya kusia, kipo kipimo kimoja ambacho hakina budi kufanywa, nacho ni kipimo cha uotaji, ambacho hugharimu sahani mbili na subira ya majuma mawili. Mpimaji huchota mbegu kutoka sehemu mbalimbali za kopo, si za juu peke yake, na kuhesabu 50. Kitambaa safi cha pamba au karatasi ya tishu iliyokunjwa mara tatu hulowanishwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha hukamuliwa kidogo ili kiwe na unyevu bila kuchuruzika, na hutandazwa ndani ya sahani. Mbegu hupangwa juu yake bila kugusana, kwa kuwa mbegu moja yenye kuvu huambukiza jirani zake, halafu sahani ya pili huwekwa juu ili kuleta giza na kuzuia unyevu usikauke. Tangu hapo kitambaa hukaguliwa mara moja kwa siku na kunyunyiziwa maji kidogo kikianza kukauka.

Suala la joto la sahani hiyo lastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndipo kipimo cha nyumbani hufaulu au huanguka. Sahani ikiachwa juu ya meza ya sebuleni mwezi wa Julai, matokeo yatapima baridi ya nyumba badala ya uhai wa mbegu. Mahali panapofaa ni karibu na meko, kwenye rafu au kando ya kiambaza kinachopata vuguvugu bila kugusa moto, ambapo mkono ukiwekwa kwa muda huhisi uvuguvugu wa kupendeza na wala si ukali. Moto wa mchana na ubaridi wa usiku huleta kule kupishana kwa joto ambako utafiti umeonyesha kwamba mbegu hii hukupenda, hivyo hapana haja ya kukesha ukichochea kuni. Mwenye kupikia gesi, ambaye jiko lake halihifadhi joto, anaweza kuiweka sahani ndani ya katoni pamoja na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa nguo nzito, na kuyabadilisha maji hayo asubuhi na jioni. Joto lisizidi nyuzi 40, kwa kuwa mbegu iliyokwisha kunyonya maji huuawa kwa urahisi na joto ambalo ile iliyo kavu ingelistahimili.

Siku ya saba huhesabiwa mbegu zilizotoa mzizi, na siku ya kumi na nne huhesabiwa tena. Zikiota 35 kati ya 50, uotaji ni asilimia 70, na mbegu hiyo ni nzuri. Zikiota 20, yaani asilimia 40, mkulima bado anaweza kuisia kwa kuongeza kiasi, karibu mara mbili ya kile ambacho angetumia kwa mbegu nzuri. Zikiota chini ya hapo, uchunguzi zaidi unahitajika kabla ya kuzitupa, na uchunguzi wenyewe ni rahisi: kila mbegu ambayo haikuota hubonyezwa kwa ncha ya pini. Iliyooza hupondeka na kutoa maji ya kijivu, nayo imekufa. Iliyo ngumu, ambayo ikikatwa ni nyeupe na imara ndani, iko hai na imo katika ubwete. Mbegu ngumu zikiwa nyingi, kopo hilo lirudishwe kabatini lisubiri miezi mingine miwili au mitatu. Tofauti hii kati ya mbegu mfu na mbegu bwete ndiyo inayosahaulika zaidi, na kwa kuisahau familia nyingi zimezitupa jaani mbegu za ukoo zilizotunzwa vizazi kadhaa.

Wapo wanaotaka kuharakisha mambo. Kuziloweka mbegu usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu husaidia, mradi zisizidi saa 12 humo, na kuzisugua kidogo kwa mchanga safi kati ya viganja hukwaruza ganda na kuyarahisishia maji njia. Njia zote mbili ni za kuongezea tu na haziwezi kuchukua nafasi ya umri na joto. Mbegu iliyolowekwa haina budi kusiwa siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu, kwa sababu safari ya kuota ikianza hairudi nyuma, na mzizi mchanga ukikauka mmea hufa.

Kwa upande wa shamba, wakati mzuri wa kusia chinsaga Keroka ni mwisho wa Februari na mwezi wa Machi, udongo ukiwa bado umehifadhi joto la jua la mwanzo wa mwaka na mvua ndefu zikiwa zinaanza. Miezi ya Juni, Julai na mwanzo wa Agosti ndiyo migumu zaidi. Tuta liinuliwe kiasi cha kiganja juu ya njia, kwa kuwa mvua za Gusii ni nzito na maji yakisimama huizima mbegu, nao udongo mwekundu uvunjwevunjwe hadi mabonge yawe madogo na kuchanganywa na mboji au samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi haifai hata kidogo, kwa sababu huchoma mizizi michanga na kuleta magugu.

Kwa kuwa chinsaga hushusha mzizi mmoja mrefu usiopenda kusumbuliwa, inafaa kusiwa moja kwa moja mahali itakapokulia badala ya kuhamishwa kutoka kitaluni. Mbegu zake ni ndogo mno, hata konzi moja hubeba maelfu, na ili zisirundikane huchanganywa na mchanga mkavu, sehemu moja ya mbegu kwa sehemu kumi za mchanga. Mifereji myembamba huchorwa kwa ncha ya fimbo kila baada ya sentimita 30, mchanganyiko huo humiminwa ndani yake kwa vidole, kisha hufunikwa kwa mboji laini iliyochekechwa, kwa kina kisichozidi sentimita moja. Kina hicho huipa mbegu giza, lakini hakiizuii kuchomoza. Udongo ukandamizwe kidogo kwa ubao au kiganja ili ushikane na mbegu, halafu umwagiliwe kwa kopo lililotobolewa matundu madogo.

Mwenye uwezo anaweza kulifunika tuta kwa karatasi ya nailoni nyeusi kwa siku chache za mwanzo, ambayo huleta giza, huzuia mvua kubwa isisombe mbegu, na huongeza joto la udongo mchana. Asiyekuwa nayo atumie majani makavu ya migomba, ambayo hayakosekani katika boma lolote la Gusii, ingawa hayo huzuia pia jua lisiupashe udongo, hivyo yatandazwe kwa unene mdogo. Kifuniko cha aina yoyote kikaguliwe kila asubuhi kuanzia siku ya nne, na kiondolewe siku ile ile shingo za kwanza zilizopinda zinapoonekana. Mmea uliokwisha kuchomoza huhitaji mwanga kwa pupa ile ile ambayo mbegu yake iliukimbia, na ukiachwa gizani siku mbili zaidi huwa mrefu, mweupe na dhaifu, nao huanguka wenyewe.

Managu, mboga ya pili ya makala haya, ambayo Wagusii huiita rinagu, huhitaji maelezo mafupi zaidi, kwa kuwa tabu yake iko mahali pengine. Aina yenye majani mapana inayolimwa sana siku hizi, Solanum scabrum, huzaa matunda ya zambarau iliyokolea, na iko pia Solanum villosum yenye matunda ya rangi ya machungwa. Mbegu zimo ndani ya nyama ya tunda, na nyama hiyo ina sukari na kemikali zinazozuia kuota. Anayekausha matunda mazima na kuyaponda msimu unaofuata husia mbegu pamoja na kizuizi chake. Njia bora ni kuchuma matunda yaliyoiva kabisa, kuyaponda ndani ya bakuli lenye maji kidogo, kuyaacha yachachuke kwa siku moja au mbili mahali penye vuguvugu, kisha kuyaosha kwa maji mengi. Mbegu nzima huzama, na maganda pamoja na mbegu pungufu huelea na kumwagwa. Mbegu zilizosafishwa huanikwa kivulini juu ya kitambaa na kugeuzwageuzwa ili zisigandamane.

Managu hustahimili kuhamishwa, hivyo hufaa kuoteshwa katika kitalu kidogo karibu na nyumba, hata ndani ya karai kuukuu lililotobolewa chini au mtungi wa plastiki uliokatwa ubavuni. Faida ya chombo kinachobebeka ni kubwa katika nchi hii ya mvua ya mawe, kwa maana dhoruba ya nusu saa huweza kuangamiza kitalu kizima, ilhali karai huingizwa barazani. Mbegu hufunikwa kwa tabaka jembamba sana la udongo, na katika baridi ya Keroka huweza kuchukua siku kumi hadi kumi na nne kuchomoza. Miche huhamishwa ikiwa na majani manne hadi sita, jioni au siku ya mawingu, na bonge la udongo likiwa limeshika mizizi.

Kwa mboga zote mbili, hatari kubwa zaidi baada ya kuota ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu wa udongoni ambao huozesha shina la mche pale linapogusana na ardhi, hadi mche uliokuwa umesimama asubuhi ukutwe umelala jioni. Kinyausi hupenda baridi, unyevu mwingi na msongamano, yaani hali ile ile ya kitalu cha Keroka mwezi wa Mei. Dawa za dukani zipo, lakini kwa kitalu cha nyumbani kinga hutosha: kusia kwa nafasi, kumwagilia asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku, kuondoa kivuli kinachozidi, na kutorudia udongo wa kitalu kilichougua. Udongo wa chombo kidogo unaweza kulowanishwa kwa maji yanayochemka na kuachwa upoe siku moja kabla ya kusia, jambo ambalo hupunguza kuvu na kuua mbegu za magugu kwa pamoja.

Liko pia suala la mahali mbegu zinapotoka. Maduka ya pembejeo huuza pakiti za chinsaga na managu, na anayenunua asome tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji vilivyoandikwa juu yake, kisha afanye kipimo cha sahani vilevile, kwa sababu pakiti iliyokaa dirishani juani haiko tena kama ilivyotoka kiwandani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mbegu za mboga za kienyeji nchini Kenya hutoka kwa wakulima wenyewe, na wanasayansi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta wametumia miaka mingi kuonyesha thamani ya mboga hizo kwa lishe. Kwa muda mrefu mkono wa sheria uliikandamiza desturi hii: marekebisho ya mwaka 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yalimweka mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa katika hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022 kuyapinga, na Novemba 2025 Mahakama Kuu iliyoketi Machakos ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Uamuzi huo ni wa haki na umechelewa. Mama anayempa jirani yake konzi ya mbegu za chinsaga hakustahili hata kwa siku moja kuhesabiwa mhalifu, na kama asingeendelea kugawa, aina nyingi za Gusii zingekuwa zimetoweka.

Uhuru huo unadai uangalifu katika kuchagua mashina ya mbegu. Chinsaga huchavushwa na wadudu pamoja na upepo, hivyo shina la kijani likiota karibu na lile la zambarau huchanganyika nalo, na anayetaka kudumisha aina moja huitenga mbali na nyingine au huzipanda kwa misimu tofauti. Managu kwa kiasi kikubwa hujichavusha yenyewe, na umbali wa mita chache hutosha. Mashina ya mbegu yateuliwe mapema, mboga ikiwa bado inachumwa, kwa kuyafunga uzi wa rangi yale yenye majani mengi na yanayochelewa kutoa maua. Yanayowahi kuchanua ndiyo yanayowahi kukomaa, na mvunaji mwenye haraka huchukua mbegu zao kwanza, kisha baada ya misimu michache hujikuta na shamba la chinsaga inayotoa maua kabla ya kutoa mboga. Mashina kumi au zaidi yachangie mbegu za kila msimu, wala si shina moja lililo zuri kuliko yote, ili mbegu zisije zikadhoofika kwa kuzaliana ndani ya ukoo mmoja.